Kabla ya kupeleka dosie yako ku famasia

Wadogo zangu, kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, simu yangu haina pumziko. Swali ni lile lile: “Yaya, nataka kuingia famasia, nifanye namna gani?” Nikiuliza, “Famasia gani?”, mtu ananyamaza. Anafikiri namchekelea. Apana, simchekelei. Hapa kwetu Kongo neno hilo moja liko na milango mitatu, na kila mlango unakupeleka mahali pengine. Mimi nilipoteza mwaka mmoja juu ya ujinga wangu, na mtoto wa mama mkubwa alipoteza mitatu. Ndiyo maana naandika leo, mapema, kabla watu hawajaanza kutembeza dosie mu mji.

Mlango wa kwanza uko mu sekondari. Kuna shule za ufundi wa uganga, zile tunaita ITM, ambazo mwanafunzi anatoka na A2. Nyingi zinatoa wanesi, lakini zingine zinatoa pia wasaidizi wa famasia. Huyu anajua kupanga dawa, kusoma ordonansi, kushika fishi za stoki. Kazi yake ni ya maana na vituo vyetu vya afya vinamuhitaji sana. Kama uko unasoma haya na umemaliza umanite ya kawaida, mlango huo umekupita tayari, usiuangalie tena.

Mlango wa pili ni ISTM, ni kusema Institut Supérieur des Techniques Médicales. Bukavu iko nayo, Lubumbashi iko nayo, na miji mingine mingi. Mu ISTM unasoma ufundi: namna ya kutengeneza, kugawa, kuhifadhi, kuhesabu dawa. Unatoka fundi wa famasia. Unaweza kufanya kazi mu hospitali, mu depo kubwa, mu mashirika yanayogawa dawa. Lakini cheo cha mfamasia si chako, na sheria haikupi ruhusa ya kubeba peke yako mzigo wa duka la dawa.

Mlango wa tatu ni fakulte ya chuo kikuu. Kinshasa na Lubumbashi ziko na fakulte ya sayansi za famasia ndani ya vyuo vikuu vya Serikali, na Bukavu chuo kikuu cha Serikali kinafundisha famasia pamoja na udaktari ndani ya fakulte moja. Huyu anayemaliza pale mpaka mwisho ndiye mfamasia. Akimaliza anajiandikisha ku Oda ya Wafamasia, ile iliyowekwa na sheria ya 1991, na bila namba ya Oda hawezi kufungua duka la dawa kwa jina lake.

Najua mutaniambia: “Yaya, mu kartie yetu kuna maduka ya dawa 20 na hakuna hata mfamasia mmoja.” Ni kweli, mimi pia naishi mu kartie. Kuna duka lenye kushikwa na nesi, lingine na mwenye mali ambaye zamani alikuwa anauza simu. Lakini usichague masomo yako kwa kuangalia kile polisi hawajafunga bado. Tangu 2020 Serikali iko na ACOREP, mamlaka ya kusimamia dawa ile ilichukua nafasi ya direksio ya zamani, na hao wanatoa ruhusa ya kuingiza na kuuza dawa. Wewe uko unaingia masomo leo ili ufanye kazi miaka 30 au 40 mbele.

Kuna neno lingine lenye kuchanganya wazazi, na ni lazima muwaelezee kabla ya kuomba feza. Neno hilo ni “licence”. Wakati wa baba zetu, mtu alifanya graduat miaka 3, kiisha licence miaka 2. Mwenye licence alikuwa amemaliza, watu wanapika kuku. Sasa tuko mu mfumo wa LMD. Licence mpya ni miaka 3, krediti 180, na ndiyo ngazi ya kwanza tu. Ukiishia pale wewe si mfamasia bado, lazima upande master. Nilishuhudia papa mmoja akilia kwa hasira mbele ya aparitora: “Mtoto ameniambia yuko mu licence ya mwisho, mimi nikakopa feza ya sherehe, sasa munasema kuna master tena?” Mtoto hakudanganya. Papa alisikia neno la zamani. Basi keti na wazazi wako, uchukue karatasi, uandike mwaka kwa mwaka, mpaka staji na memwari. Waone mwisho wa barabara uko wapi.

Sasa habari ya mtoto wa mama mkubwa. Yeye hakupita ku test ya chuo cha Serikali, akasikia kuna chuo kipya cha binafsi chenye kufundisha famasia bila test. Jina la chuo sitaandika. Nyumba ilikuwa nzuri, rangi mpya, kibao kikubwa barabarani. Alilipa, alisoma miaka mitatu, akapata pointi nzuri hata. Kiisha akataka kuhama aende kumaliza ku fakulte ya Serikali. Pale aparitora walifungua dosie yake, wakaangalia relevé, wakaangaliana. Mama mmoja wa pale, mpole sana, akamwambia: “Mwanangu, hii shule haiko na arete ya kufundisha famasia. Iko na ruhusa ya kufundisha afya ya jamii tu.” Miaka mitatu, minervali mara tatu, na mbuzi za babu yake. Hakuna mtu aliyemrudishia kitu.

Kwa hiyo kama unaenda ku binafsi, na kuna za binafsi ambazo ni nzuri, uliza mambo haya bila haya. Arete ya Wizara ya elimu ya juu ni namba gani, ya mwaka gani, na famasia imeandikwa ndani yake kwa jina? Wakikuonyesha karatasi, soma mwenyewe, usiridhike na muhuri. Diplome za wale waliotoka zimepitishwa na Wizara? Kuna aliyetoka hapa ambaye Oda ya Wafamasia ilimpokea? Kama hakuna aliyetoka bado, jua wewe ndiye unajaribiwa. Halafu omba kuona labo. Hii ni haki yako, unaenda kuilipia. Famasia bila labo ni hadithi tu. Tafuta mizani ya kupima miligramu, bireti, darubini, mahali pa maji, na vumbi. Ndiyo, angalia vumbi. Kama juu ya vyombo kuna vumbi nene, wanafunzi hawavigusi.

Hapa nataka nikae kidogo, juu watu wengi wananiuliza kwa nini fakulte inakazia kemia namna hii, wakati kazi ya mfamasia “ni kuuza dawa tu”.

Mwisho wa 2014, huko Ituri, watu walianza kufika ku vituo vya afya na hali ya kutisha. Shingo imepinda, uso umekaza, macho yamegeuka juu, ulimi hautulii. Mwanzoni waganga walifikiria meninjiti, juu shingo ngumu ni moja ya alama zake. Lakini haikuwa meninjiti. Wagonjwa wakaongezeka, miezi ikapita, wakafika mamia, na wengine walikufa. Vidonge vilipopimwa mu labo ndipo ikajulikana: vidonge vilivyoandikwa diazepam, ile dawa ya kutuliza yenye watu wanajinunulia hovyo, ndani yake vilikuwa na haloperidol. Haloperidol ni dawa ya wagonjwa wa akili. Inafunga kazi ya dopamini mu ubongo, na ikizidi, misuli ya shingo na uso inajikaza yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya vidonge hivyo mu 2015.

Profesa alitupa kisa hicho siku ya kwanza ya mazoezi ya labo, bila kufungua syllabus. Kiisha akauliza: “Ungekuwa wewe mu duka lako pale Bunia, kidonge kiko mkononi, kibidoni kimeandikwa diazepam, ungejuaje?” Tukanyamaza, auditwari nzima. Kwa macho hauwezi kujua. Kwa ulimi hauwezi. Unaweza kujua kwa kemia, na kwa kufuata njia ya dawa kutoka kiwanda mpaka kwako: ni nani aliniuzia, karatasi iko wapi, namba ya loti ni ipi. Sasa fikiri mgonjwa mwenye misuli yenye kukaza, nesi anamtafutia diazepam ili atulie, na diazepam yenyewe ndiyo ile ya uongo. Hiyo ndiyo kazi unayoomba kuingia. Kuuza ni dakika moja ya mwisho.

Sasa dosie. Kila chuo kinatoa tangazo lake na tangazo linabadilika, kwa hiyo soma la mwaka huu, si la yaya wako. Lakini vitu vyenye kurudi karibu kila mahali ni hivi: diplome ya Serikali ao atestasio ya kufaulu kama diplome haijatoka, fotokopi za bulteni za miaka ya mwisho ya umanite, atestasio ya kuzaliwa, karatasi ya mwenendo mwema, cheti cha daktari kwamba mwili wako unaweza masomo, picha za paspoti, barua ya kuomba, na bordero ya benki. Asilimia ya Exetat wanaangalia sana ku fakulte za afya, na sehemu nyingi wanaangalia pia ulitoka option gani. Mtu wa kemia-biolojia ako mbele kidogo. Mtu wa hesabu-fizika anafanya vizuri, wengine wanatupita. Wewe wa pedagogie, wa komersiale, kama tangazo linakuruhusu, kuja. Lakini jua utakaa na kemia ya miaka miwili ambayo wenzako wameisha kuiona, na mwalimu hatakungojea.

Mambo madogo yenye kuangusha watu: jina. Ku diplome wameandika Bahati Mugisho, ku atestasio ya kuzaliwa Mugisho Bahati na herufi moja imekosekana. Wewe unaona ni kitu bure. Aparitora wanaona watu wawili. Rekebisha ku komini mapema, juu mwezi wa kumi watu wote wanafanya mstari. Tena bulteni: wengi wanafikiri diplome inatosha na bulteni wameacha ku shule juu ya deni ya minervali. Nenda ulipe lile deni mu likizo, direktere akupe bulteni zako. Na fanya fotokopi tatu za kila kitu, uache moja nyumbani. Dosie zinapotea, na ukiulizwa “Iko wapi?” wewe ndiye utaanza upya.

Sasa nifike ku aibu yangu.

Mwaka ule nilipomaliza sekondari, nilikuwa na asilimia nzuri kidogo, na kichwa kikubwa kuliko asilimia. Akatokea mutu mmoja mu kartie, mwenye kuvaa suti hata siku ya joto, akajulikana kama komisionere wa mambo ya chuo. Alikuja mpaka nyumbani, akakunywa chai. Akasema: “Mama, ile test ni formalité tu. Bana betu bote banapitaka. Unileteye dola mia mbili, mi njo nitaonana na bakubwa.”

Mama yangu anauza sambaza ku soko ya Kadutu. Dola mia mbili alizipata mu likelemba, ilikuwa zamu yake, na alikuwa anazingojea kwa kununua friji ya biashara. Akamuuliza yule baba: “Bordero iko?” Mimi ndiye nilimjibu, si yeye. Nikasema: “Mama, vitu vya namna hii havina bordero.” Hilo neno nalikumbuka mpaka leo.

Sikusoma hata ukurasa mmoja. Siku ya test niliingia nikiwa nimetulia kama bwana arusi. Wakagawa maswali, wakasema kalkuleta chini ya meza. Swali la kwanza lilikuwa la dilusio, la pili la mole, la tatu la pH. Nilikuwa najua fomula zote. Kuhesabu kwa mkono ndiyo iliniua. Baada ya wiki mbili liste ikabandikwa ku valve. Nilisoma liste mara nne, kutoka juu mpaka chini, kiisha kutoka chini mpaka juu. Simu ya komisionere ilikuwa haipatikani, na haipatikani mpaka leo.

Mwaka uliofuata nilifanya kazi ku depo moja ya dawa, kufagia na kupanga makartoni. Hawakunilipa vizuri, lakini nilikuwa nasoma notisi ndani ya maboksi, na jioni nilirudilia kemia ya 5 na ya 6 kutoka mwanzo, na kalamu, bila simu. Namna hii ndiyo nawashauri mujitayarishe. Niwape mifano mitatu, mujaribu kabla ya kuangalia jibu langu.

Mtoto ana kilo 12. Anapaswa kupata paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo. Siro iko na miligramu 120 mu mililita 5. Anakunywa mililita ngapi? 15 mara 12 ni miligramu 180. Mililita moja iko na miligramu 24. Kwa hiyo 180 gawanya kwa 24, ni mililita 7 na nusu. Mwanafunzi mwenye haraka anaandika 5, juu kijiko ni 5.

Ya pili: uko na alkoli ya 95, unataka litre moja ya 70. Unachukua ngapi? 70 mara 1000, gawanya kwa 95, inatoa karibu mililita 737. Hapa wengi wanaandika: “naongeza mililita 263 za maji.” Wanakosa pointi, tena ni haki. Alkoli na maji vikichanganyika, volimu inapunguka, hautapata litre kamili. Jibu zuri ni: naongeza maji mpaka alama ya mililita 1000. Mtu aliyegusa vyombo anajua hilo, mtu aliyekariri fomula hajui, na swali limewekwa pale kwa kuwatenganisha.

Ya tatu: seromu ya chumvi ya 0.9 kwa mia, ile wanatundika hospitali kila siku. Litre moja iko na gramu ngapi za NaCl, na ni mole ngapi? Gramu 9. Mole moja ya NaCl ni gramu 58.5, kwa hiyo 9 gawanya kwa 58.5, ni karibu 0.154. Kama hesabu hiyo imekuchukua zaidi ya dakika mbili bila kalkuleta, uko na kazi ya kufanya mwezi huu. Si akili inakosekana, ni mkono tu haujazoea.

Na yote itakuwa mu Kifaransa. Hilo tusifichane. Sisi wa Kivu na wa Katanga tunafikiri mu Kiswahili, tunasoma swali mara mbili, dakika zinaenda. Soma maswali ya zamani kwa Kifaransa, uzoee maneno kama “titrer”, “en déduire”, “à parts égales”. Rafiki yangu mmoja alikosa swali zima la kemia ambayo alikuwa anaijua, juu hakujua neno moja la Kifaransa, na akaogopa kuuliza msimamizi.

Barua ya kuomba ni ukurasa mmoja, kwa Rekta ao kwa Katibu mkuu wa masomo, tangazo litakuambia. Barua hiyo ni ya adabu tu, jina, option, asilimia, fakulte unayoomba. Usiiandike kama shairi. Lakini sehemu zingine, zaidi kwa wale wenye kuomba burse ao ku vyuo vyenye kuuliza maswali uso kwa uso, watakuomba sababu. Hapo kila mtu anaandika: “Tangu utoto napenda kusaidia wagonjwa.” Mwenye kusoma barua 300 ameisha kuchoka na hiyo. Andika kitu ulichokiona. Mimi niliandika juu ya friji ya depo. Oksitosini, ile sindano ya kuzuia mama asimwage damu nyingi akizaa, inapaswa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Mu depo yetu kurani ilikuwa inaenda siku mbili, tatu, na friji inakuwa kabati tu. Kurani ikirudi, dawa zinauzwa kama kawaida, hakuna anayeandika. Nilikuwa nafagia pale, nikawa najiuliza zile ampule zinaenda kwa mama gani. Niliandika hiyo tu, mistari sita.

Feza. Sitaandika bei, juu zinabadilika na chuo kwa chuo. Lakini wazazi wanahesabu frais académiques peke yake, kiisha wanashangaa. Hesabu blouse, hesabu vifaa vya labo, syllabus, tiketi za kila siku ao nyumba kama umetoka mbali, staji ambayo mara nyingi wewe ndiye unajilipia njia, na memwari ya mwisho na kazi yake ya labo. Kama familia haiwezi miaka yote hiyo, sema ukweli na uangalie ISTM kwa macho mazuri. Niko na wenzangu wa ISTM wenye kusimamia stoki ya dawa ya hospitali nzima, wako na kazi mbele yangu, wamejenga mbele yangu. Kuna na wenye kufanya ISTM kwanza, wakafanya kazi, kiisha wakaomba fakulte kwa feza yao. Aibu iko mu kuingia mlango bila kujua ni upi.

Kila feza unayotoa, itoke benki. Hakuna mtu, hata awe mjomba wa Rekta, mwenye haki ya kupokea feza ya test ao ya kuandikishwa mu mkono. Mwaka wa pili tulienda benki pamoja, mama na mimi. Karani aliporudisha bordero, mama aliishika, akaisoma yote, mpaka namba za chini, na mama yangu hasomi haraka. Watu wa nyuma wakaanza kulalamika. Kiisha akaikunja, akaniambia: “Haya, sasa enda ukafanye ile formalité.”

Siku ya test fika saa moja mbele, juu majina yanabadilishwa auditwari na wanabandika asubuhi ile ile. Beba kalamu mbili za bluu, karatasi yako ya utambulisho, bordero ya kweli na fotokopi yake, maji. Kalkuleta iache nyumbani kama tangazo halikuitaja. Anza na swali unalolijua, hata kama ni la 9. Na liste ikitoka ku valve, usipige picha ya jina lako peke yake, piga ya karatasi yote, pamoja na tarehe, saini na muhuri. Kiisha rudi kesho yake uisome tena, ikiwa bado iko pale.